Kwa binti yangu anayekwenda kuwaona watani bila timu

Tanga

Binti yangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya tiketi mama yako amenionyesha mara tatu kama vile ni cheti cha ndoa. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, machungwa ya Muheza yameshuka bei, na paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya kabati la vyombo. Barua hii nampa kondakta pamoja na kiroba cha hayo machungwa, kwa hiyo usishangae ikinukia.

Umeniuliza jambo moja tu: uvae rangi gani. Unasema wenzako wa ofisini hapo Dodoma wamegawanyika, nusu Simba nusu Yanga, mnapanda treni moja mpaka Dar kuziangalia zikicheza, na wewe umechukuliwa kwa sababu tiketi ilizidi. Timu huna. Unaogopa utaonekana kama mtu aliyeingia harusini bila kadi.

Nyekundu usivae. Kijani na njano pia usiziguse. Nyeupe usiione ni salama, maana nayo ni ya Simba. Mimi mwaka 2013 nilijiona mjanja, nikavaa shati langu la bluu la kazini. Nimeshuka daladala pale Tazara, hata sijavuka barabara, kijana mmoja akaniangalia toka juu mpaka chini akasema, "Mzee, Chamazi siyo huku." Kumbe bluu ni Azam, timu ya huko Chamazi. Vaa kahawia. Sijawahi kuona timu ya kahawia.

Hii habari sikuwahi kukusimulia vizuri. Mwaka ule nilitumwa na mwajiri kupeleka karatasi Dar, na Jumapili ya tarehe 20 Oktoba ikanikuta huko sina kazi. Mwenyeji wangu alikuwa na tiketi mbili na mgonjwa hospitalini. Akanipa moja, nyingine akamuuzia jirani. Sikuwa nimepanga. Unajua mimi ni Coastal Union, timu yetu ya Tanga. Nilikuwa shule ya msingi mwaka 1988 Coastal, Wagosi wa Kaya, walipochukua ubingwa, na mtu akishaonja hicho akiwa mtoto, hata timu ikikaa miaka hamsini bila kombe yeye bado anangoja kwenye kona ya uwanja wa Mkwakwani.

Sasa jaribu kumweleza hivyo mtu wa Dar. Kwenye daladala aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Wewe timu gani?" Nikasema Coastal Union. Akacheka kwa upole kabisa. "Hiyo ya nyumbani. Mimi nakuuliza timu." Nikarudia, Coastal. Akageuka kumwambia mwenzake, "Huyu Yanga huyu, anaona haya." Mwenzake akasema, "Simba huyo, muangalie macho." Wakabishana juu yangu mpaka tukashuka. Na wewe yatakukuta hayo hayo. Nchi hii mtu anaweza kukubali kwamba huna dini, ila kwamba huna upande kati ya Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba hakubali. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936, ikiitwa Sunderland mpaka 1971. Babu zetu walishachagua kabla hata hatujazaliwa, na huyu wa kwenye daladala alikuwa anatafuta tu babu yangu alisimama wapi.

Ukiingia uwanjani, simama kwanza kwenye ngazi kabla hujatafuta kiti. Watu elfu sitini. Siku ile ulikuwa bado unaitwa Uwanja wa Taifa, jina la Mkapa ulipewa mwaka 2020 alipofariki. Utaona mtu ameshona khanga mbili zisizo doti moja: huku nyekundu tupu, kule kijani na njano, na katikati mshono. Mimi nilikaa kwenye mshono. Kulia kwangu alikuwa mzee wa Simba mwenye kofia ya kiua na redio ndogo sikioni, ijapokuwa mpira ulikuwa unachezwa mbele ya macho yake. Kushoto kijana wa Yanga na mfuko wa karanga, mkarimu, akanimiminia kiganja kizima bila kuuliza timu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kijana. Mrisho Ngassa akafungua, na lile bao liliuma mara mbili kwa sababu msimu uliopita alikuwa anavaa jezi ya Simba. Halafu Hamis Kiiza, yule Mganda, akaweka la pili, na kabla ya mapumziko la tatu. Tatu bila! Upande wa kijani hawakuwa wanashangilia tena, walikuwa wanahesabu. "Bado mbili! Bado mbili!" Sikuelewa, ikabidi yule kijana anifafanulie: Mei 2012 Simba waliwapiga tano bila, na deni lile halijalipwa. Walitaka zitimie tano jioni ile ile.

Mapumziko nikaona jambo ambalo sijalisahau. Ule upande mwekundu ulianza kutoboka. Kwanza mashimo madogo madogo, halafu safu nzima. Watu wanakunja bendera, wanateremka ngazi bila kuangaliana. Nikamtazama mzee wangu. Kofia alishaivua, ameishika magotini. Nikamwambia, "Mzee, huondoki?" Akasema, "Niende wapi? Nimelipa dakika tisini."

Na kwenye benchi la Simba siku ile kocha alikuwa Abdallah Kibadeni. Mzee akaninyooshea kidole kumwonyesha. Mwaka 1977 Simba waliifunga Yanga sita bila, na matatu kati ya yale sita aliyafunga yeye. "Yule," mzee akasema, "hawezi kukaa akaangalia tatu." Nikaona ni maneno ya mfiwa.

Kipindi cha pili Betram Mombeki akafunga. Mzee hakusimama. Joseph Owino akafunga la pili, mzee akavaa kofia. Kijana wa karanga akaacha kutafuna. Hapo ndipo nilipojua starehe ya mtu asiye na timu, na nataka uifahamu mapema ili usiipoteze. Mpira ukiwa golini kwa Yanga, wekundu wote waliobaki walikuwa wanaangalia mpira, na kijani wote wanaangalia mpira. Mimi niliweza kuwaangalia wao. Watu elfu kadhaa wameshika vichwa kwa mkupuo mmoja, kama wamefundishwa. Mama mmoja wa Yanga amegeuka kabisa, amekaa mgongo uwanjani, anamuuliza mtu wa nyuma, "Wamefika wapi?" Hayo kwenye runinga hayaonekani, maana kamera nayo ina timu: inafuata mpira.

Zikabaki dakika chache, Gilbert Kaze, Mrundi, akasawazisha. Tatu tatu.

Nilichofanya mimi sikujivunia. Nilisimama nikapiga kelele. Nilikuwa nimekwisha kusema moyoni kwamba mimi ni mtazamaji tu, msafiri, Mgosi wa Tanga, na koo langu likanisaliti mbele ya watu. Mzee alinikumbatia hadi redio ikaanguka, betri zikatawanyika chini ya viti, na akalia, mtu mzima mwenye mvi. Nilipokaa, kijana wa Yanga alikuwa ananiangalia. Akaninyooshea kiganja. "Nirudishie karanga zangu."

Kwa nini nilishangilia? Nimelifikiria sana. Simba siipendi. Nadhani mtu ukikaa katikati muda mrefu unaanza kumwonea huruma anayefungwa, yeyote yule. Kama Simba ndio wangekuwa wanaongoza, ningemrukia kijana wa karanga. Kwa hiyo usijilaumu roho ikikuhama mara mbili tatu kwenye mechi moja, ndivyo inavyokuwa kwa sisi. Ila usimwambie aliyekaa jirani.

Tulipotoka nje nilikutana na wale walioondoka mapumziko. Walikuwa wamefika Keko na Chang'ombe wakasikia mngurumo, wakarudi mbio, mageti yamefungwa. Matokeo yalikuwa sare, lakini msiba ulikuwa wa upande mmoja: Yanga walitembea kama wametoka kuzika, Simba wanaimba kama wamechukua kombe. Na kombe msimu ule hawakulichukua wote wawili. Lilikwenda Azam, bila kupoteza mechi hata moja. Nilivyosikia, nikalikumbuka shati langu. Lile deni la tano nalo Yanga walingoja sana kulilipa: mpaka Novemba 5, 2023, tano kwa moja. Sijui kijana wa karanga alikuwepo. Nilimtafuta kwenye runinga kama mjinga.

Nikuambie na upande wa pili wa hiyo starehe, usije ukadhani wenye timu ni wajinga. Mwaka 2022 Coastal waliingia fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga, kule Arusha. Ulikuwa chuoni. Sopu wetu alifunga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha tatu tatu kama ule wa 2013, halafu penalti zikatutoa. Mechi ya 2013 naweza kukusimulia bao kwa bao, unaona mwenyewe. Ya Arusha, wallahi, siikumbuki. Najua Sopu alifunga kwa sababu magazeti yalisema. Ninachokumbuka ni chai iliyopoa mbele yangu na mama yako anapita sebuleni kwa kunyata. Na kabla mwezi haujaisha Sopu naye akachukuliwa na Azam. Unaona? Bluu hainiachi.

Mambo madogo. Kadi yako ya kuingilia iwe na salio na uishike mkononi, usiiweke mfuko wa nyuma. Fikeni saa sita au saa saba, hata kama mechi ni saa kumi na moja. Watu wakianza kung'oa viti kama ilivyotokea Oktoba 2016, usisubiri kuona mwisho wake, shuka. Tiketi ya treni ya kurudi msiiharakie: Machi 8, 2025 watu walishafika Dar kutoka mikoani, mechi ikaahirishwa siku ile ile, wakaja kucheza Juni 25. Ukiulizwa timu mlangoni, sema Coastal. Hawatakuamini, lakini utakuwa umesema.

Likiingia bao, usimtazame mfungaji. Atarudiwa kwenye simu usiku kucha. Tazama ule upande ulionyamaza, kisha tazama wenzako wa ofisini, wale wa Jumatatu asubuhi, uone nani ni nani.

Mama yako anasema anakusalimu na anakuombea safari njema. Unajua yeye kazaliwa Ilala na damu yake ni ya Msimbazi, ingawa tangu tuoane amejitahidi kunificha. Nilipokuwa natafuta kamba ya kufungia kiroba nilimwona anaingiza kitambaa chekundu chini ya machungwa. Mimi sijakiona.

Babako