Simu ileile, shilingi ileile

Mhariri,

Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilituuzia kwa simu hatifungani ya M-Akiba, yaani mkopo wa miaka mitatu tunaoipa Serikali: kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka, bila kodi. Nilinunua. Stejini wenzangu wa bodaboda walinicheka. Miaka mitatu, nani angoje?

Jioni hiyo mmoja wao alibeti shilingi 200, akakaa juu ya pikipiki akikodolea kioo kilichopasuka hadi dakika ya 90. Timu moja ikachana mkeka wake wote wa mechi alizobetia.

Simlaumu sana. Programu ya kubeti humlilia mfukoni kila jioni. Hatifungani yangu ilinikumbuka mara mbili tu kwa mwaka, riba ilipoingia. M-Akiba ikirudi sokoni, Wizara ya Fedha iwaajiri hao wanaotunga arifa za kamari.

Mwanabodaboda,
Thika