Spoketi ichaguliwe kwa kilima, si kwa lami

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie kitu ambacho wanunuzi wengi wa pikipiki hawakiulizi dukani: idadi ya meno ya spoketi, yale magurudumu mawili ya chuma, la mbele kwenye injini na la nyuma kwenye tairi, yanayozungushwa na cheni. Mwaka 2022 serikali ilianza kugawa pikipiki kwa maafisa ugani, wahudumu wa afya wanazitumia kupeleka chanjo vijijini, na bodaboda wa Lushoto, Makete, Ludewa na milima ya Uluguru wanapandisha abiria na magunia kila siku. Nyingi ya pikipiki hizi hutoka kiwandani na spoketi zilizopangwa kwa barabara ya wastani yenye mzigo wa wastani. Zikifika mlimani klachi inaungua mapema, na lawama humwangukia dereva au vipuri feki. Mara nyingi tatizo ni jino moja la spoketi ya mbele.

Hesabu yake ni fupi. Chukua meno ya spoketi ya nyuma, gawanya kwa meno ya ile ya mbele. Tuseme pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma: jibu ni 3.00, nao ndio uwiano, maana yake spoketi ya mbele huzunguka mara tatu ndipo tairi la nyuma lizunguke mara moja. Namba hiyo ikipanda, pikipiki inaongeza nguvu na kupunguza mwendo. Ikishuka, inakuwa kinyume. Ukifunga 13 mbele unapata 3.23. Ukibakiza 14 na kufunga 45 nyuma unapata 3.21. Kwa hiyo jino moja la mbele ni sawa na meno matatu hivi ya nyuma, na ndiyo sababu jaribio la kwanza lifanyike mbele: spoketi ndogo ni ya bei nafuu, hufungwa kwa muda mfupi, na usiporidhika unairudisha ya zamani bila hasara kubwa.

Kwa pikipiki kubwa za lami na porini utaratibu ni uleule, ila zinaanzia mahali tofauti. Suzuki DR650 hutoka na meno 15 mbele kwa 42 nyuma, yaani 2.80, uwiano wa kukimbia barabara kuu. Ukifunga 14 mbele inakuwa 3.00, na safari iliyokuwa ikienda kwa mizunguko 5,000 ya injini sasa itataka kama 5,360 kwa mwendo uleule. Honda CRF250L hutoka na 14 kwa 40, ambayo ni 2.86, kwa 13 mbele inafika 3.08, na wengi wanaoipeleka kwenye mawe huishia hapo. Suzuki DR-Z400S ina 15 kwa 44. Yamaha WR250R tayari ina 13 kwa 43, yaani 3.31, na hii nisingeshauri ishushwe mbele. Iongezewe nyuma, 46 au 47.

Sababu ya kuogopa spoketi ya mbele iliyo ndogo sana ni jinsi cheni inavyokunjwa. Kila kiungo kinapoingia kwenye spoketi hujikunja kwenye pini yake, na duara likiwa dogo mkunjo unakuwa mkali zaidi, pini na bushi (kimrija kinachoizunguka pini) zinasagana kwa nguvu, na mvuto wa injini unagawanywa kwa meno machache. Isitoshe, cheni inashuka karibu na swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, na kuanza kuila ile raba ya kinga iliyo mbele yake. Raba ikiisha, cheni inakata chuma cha swingamu chenyewe. Jino moja chini ya la kiwandani karibu kila pikipiki inalivumilia. Meno mawili chini ni kuharakisha kununua cheni nyingine.

Sasa, utajuaje kama unahitaji kubadilisha? Usipime kwenye lami. Tafuta sehemu ya njia yako unayopita polepole kuliko zote, pakia mzigo wako wa kawaida, ingia gia ya kwanza na uachie klachi yote. Pikipiki ikipanda bila kukata na bila wewe kugusa klachi, uwiano unakutosha. Ikibidi ushikilie klachi nusu nusu ili injini isizime, hapo diski za klachi ndizo zinazofanya kazi ya spoketi, na zitaungua. Harufu ya klachi ikipatikana kila siku kwenye kilima kilekile, shusha jino moja mbele kabla ya kununua diski mpya. Vinginevyo utanunua nyingine baada ya muda mfupi.

Kuna kitu kinachowapotosha wengi. Spoketi husogeza gia zote kwa pamoja. Haibadilishi pengo kati ya gia moja na nyingine. Jino moja la mbele husogeza kila gia kwa asilimia saba au nane hivi, wakati pengo kati ya ya kwanza na ya pili kwa pikipiki nyingi linakaribia theluthi. Kwa hiyo ukiwa kwenye mchanga, pale gia ya kwanza inapopiga kelele na ya pili inapokufa, usitegemee kwamba spoketi itaigeuza ya pili kuwa ya kwanza. Itaipa ya pili pumzi kidogo, na mara nyingi pumzi hiyo ndiyo inayokosekana, maana mchanga hautaki nguvu kubwa sana. Unataka gia inayoshika mwendo bila kukatika. Kwenye mawe na miteremko mikali mambo ni tofauti: pale unataka ya kwanza iende kwa kasi ya mtu anayetembea. Mtu anayepita mchanga wa Dodoma na mtu anayeteremka Lushoto wanaweza kuwa na pikipiki ileile wakahitaji spoketi tofauti.

Faida nyingine haisemwi sana, nayo ni mteremko. Uwiano ukiwa wa nguvu, injini inashika zaidi ukiachia mafuta. Breki nyingi za nyuma kwenye pikipiki hizi ni za ngoma. Zikipata joto kwenye mteremko mrefu hupungua kushika, na zikiingia maji hushika vibaya. Dereva aliyebeba abiria wawili kinyume cha sheria, au gunia la viazi, anaiomba ile breki kazi isiyoiweza. Hapo injini ndiyo inayomwokoa.

Upande wa pili wapo wanaofunga spoketi kubwa zaidi mbele ili pikipiki ikimbie na ipunguze mafuta. Kwa pikipiki ya cc 125 au 150 hesabu hiyo haitimii. Injini hiyo haina nguvu ya kuvuta gia ya tano iliyorefushwa dhidi ya upepo na mzigo, kwa hiyo dereva anarudi gia ya nne, na mwendo wa juu hauongezeki. Mafuta hupungua tu kwa anayekwenda tambarare, peke yake, kwa mwendo usiobadilika. Wachache sana wanaofanya kazi wanaendesha hivyo.

Kuhusu kufunga kwenyewe. Legeza boliti au nati ya spoketi ya mbele kabla hujatoa cheni, ukiwa umeingiza gia na mtu mwingine amekanyaga breki ya nyuma. Ukitoa cheni kwanza, utabaki unazungusha shafti bila kulegeza kitu. Kwa pikipiki ndogo nyingi spoketi hushikwa na kibati chenye boliti mbili. Kubwa zina nati yenye washa ya kukunja, na washa hiyo ikishakunjuliwa inunuliwe mpya. Safisha matope na grisi ya zamani nyuma ya kava, kisha kagua sili ya shafti. Ikiwa inavuja oili, badilisha wakati huohuo kwa sababu nafasi hiyo hairudi mara kwa mara. Boliti za spoketi ya nyuma zikazwe kwa kuvuka, na zirudiwe kukazwa baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Kisha cheni. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutumia cheni ya saizi 428, ambayo umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. CRF250L hutumia ya 520, milimita 15.875, na DR650 hutumia ya 525, ambayo ina umbali huohuo lakini ni pana zaidi. Cheni ya 520 haifai spoketi ya 525, hata kama inaonekana kuingia. Ukipunguza jino moja mbele, tairi la nyuma hurudi nyuma kwa robo ya umbali wa pini hadi pini: milimita 3 kwa cheni ya 428, milimita 4 kwa ya 520. Ukiongeza meno matatu nyuma, tairi linasogea mbele kama milimita 10 kwa 428 na 12 kwa 520, na hapo lazima uangalie kama ekseli bado ina nafasi. Cheni hukatwa viungo viwili viwili, kwa sababu cha ndani na cha nje hufuatana, na viungo viwili husogeza ekseli kwa umbali mzima wa pini hadi pini. Kwa hiyo pima kabla ya kukata.

Usifunge spoketi mpya kwenye cheni iliyochoka. Cheni haivutiki kama mpira. Pini na bushi zinalika, umbali unaongezeka, na viungo havikai tena kwenye meno, vinapanda juu yake na kuyala. Ivute cheni ya 428 ikaze, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254; ikifika 259 imekwisha. Kwa ya 520 na 525 mpya ni 317.5 na mwisho ni 323. Pima sehemu tatu au nne, maana cheni hailiki sawasawa.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, pendelea spoketi yenye meno yasiyogawanyika kwa mbili, kama 13 au 45, maana viungo vya cheni hugawanyika kwa mbili, na meno yakigawanyika pia, viungo vya ndani hurudi kwenye meno yaleyale kila mara, na kasoro moja itajirudia palepale. Namba isiyogawanyika kwa mbili inasambaza ulaji. Kwa kazi nunua za chuma. Za alumini ni nyepesi na zinapendeza, lakini mchanga huzila haraka.

Ulegevu wa cheni ndipo kazi nzuri huharibikia. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye swingamu, kisha hakikisha hivi: watu wakalie pikipiki mpaka spoketi ya mbele, egemeo la swingamu na ekseli ya nyuma viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko popote, na bado iwe na mchezo kidogo. Isipokuwa nao, kila shimo litavuta beringi ya shafti hadi ivunjike. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi acha mchezo zaidi ya huo kidogo, maana tope likijaa kati ya meno na cheni huikaza lenyewe. Klipu ya kiungo cha kufungia iwekwe upande uliofungwa ukielekea cheni inakoenda, la sivyo jiwe au nyasi ngumu itaitoa.

Mwenye kubadilisha tairi naye ajue kwamba amebadilisha uwiano. Tairi lenye kashata (vinundu vya mpira) kubwa likiwa na mzunguko mrefu kwa asilimia 3, limekunyang'anya zaidi ya jino moja la nyuma. Weka alama ya chaki, sukuma pikipiki tairi lizunguke mara moja, pima chini. Spidomita inayosoma tairi la mbele haitaguswa na spoketi, ila inayosoma shafti ya gia boksi itaanza kuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio kweli, na kilomita za huduma nazo zitazidi.

Ombi langu kwa halmashauri na mashirika yanayonunua pikipiki za vijijini ni dogo. Kwenye zabuni waandike kwamba kila pikipiki ije na spoketi ya ziada ya mbele yenye jino moja pungufu, pamoja na washa au kibati chake na klipu moja ya cheni. Fundi wa wilaya ataifunga kwa walioko milimani, na walioko tambarare wataiweka akiba.

Fundi wa pikipiki,
Mbeya