Malalamiko: mlango wa dharura una kufuli, nyie mnatutumia picha za mitungi

Kwa meneja wa jengo,
Kariakoo, Dar es Salaam

Habari za kazi. Mimi ni mpangaji wenu wa ghorofa ya sita, naandika kwa niaba yangu na majirani zangu wa huku juu. Wiki hii mmetuma kwenye grupu picha za mitungi mipya ya kuzimia moto imepangwa pale mapokezi kama kreti za soda za harusi, chini mkaandika jengo letu sasa liko salama. Jamani, haliko salama, na ile hela ya usalama mnayotukata kwenye sevisi chaji kila mwezi hatujaona imefanya nini.

Tuanze na mlango wa ngazi za nyuma. Ule ndo njia yetu ya pili ya kutokea, hakuna nyingine, nyie mmeupiga kufuli eti wezi wanapitia huko, ufunguo anao mlinzi wa zamu na usiku anakaa getini upande wa pili kabisa. Sasa moto ukianzia kwenye stoo za vitambaa huku chini saa nane usiku, umeme hamna, ngazi za mbele zimejaa moshi, nianze kumpigia mlinzi simu? Na moshi ndo unaoua watu wengi kuliko moto wenyewe, mtu anavuta pumzi chache tu kashaanguka hata moto hajauona. Siku moja nilimwomba mlinzi wa mchana alifungue hilo kufuli tuone, lina kutu, akahangaika nalo weee mpaka akaenda kuomba mafuta ya cherehani duka la chini. Hapo ni mchana kweupe na hakuna anayemsukuma.

Kama shida ni wezi, wekeni lile komeo la kusukuma, ndani unasukuma kwa mkono mlango unafunguka, nje haufunguki. Mahoteli makubwa ya hapa mjini wanayo miaka yote.

Halafu hizo ngazi zenyewe. Floo ya pili mwenye duka la viatu kageuza stoo, maboksi mpaka usawa wa kifua, unapita ubavu. Chini kabisa kuna pikipiki mbili zina petroli kwenye tenki, na madumu ya dizeli ya jenereta yako mlango mmoja na chumba cha swichi za umeme. Nani alipita akaona hiyo ni sawa?

Ndo maana nasema mitungi siyo tathmini. Tathmini ya hatari ya moto mtu anatembea jengo zima na kalamu: nini kinaweza kushika moto, nini kinaweza kuuwasha, nani yuko ndani, atatokaje. Anaandika, mnarekebisha, mnatuambia, na kitu kikibadilika mnarudia. Kwangu mama mkwe anatembea kwa mkongojo na moto ukiwaka lifti haitumiki, mnajua hilo? Mmeshawahi kuuliza floo gani ina wazee, wagonjwa, watoto? Na zile paneli za kung'aa mlizobandika nje mwaka jana, ndani yake kuna plastiki au nini? Grenfell Tower kule London, 14 Juni 2017, moto ulianzia kwenye friji ghorofa ya nne, ukapanda na paneli za nje, wakafa watu 72. Mbali huko, sawa, ila Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 na wengi wetu tuliuona moshi kwa macho yetu.

Mitungi nayo nisiiache. Yote ni ya poda, yote iko chini, huku juu umebaki ule wa zamani na sindano ya geji iko kwenye nyekundu. Chumba cha umeme kinatakiwa mtungi wa kaboni dayoksaidi, hakina hata mmoja. Na hakuna aliyefundishwa kuvuta pini na kuelekeza mdomo chini pale moto unapotokea, wakati mtungi mdogo unaisha hata dakika haifiki.

Tunachotaka: kufuli litolewe leo, siyo wiki ijayo. Maboksi, pikipiki na madumu vihame kabla ya Ijumaa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waitwe wakague, na ripoti yao mtupe nakala sisi wapangaji, isiishie kwenye droo yenu. Namba ya dharura 114 ibandikwe kila floo pamoja na mchoro wa njia za kutokea na sehemu ya kukusanyikia, maana mpaka sasa tukitoka kila mtu atakimbilia kwake.

Nakala ya barua hii nimempelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na zamu hii naomba majibu kwa maandishi, picha msitume.

Mpangaji, ghorofa ya sita