YAH: KIPIMAUNYEVU KIBOVU, MASHINE YA UKUNGU ILIYOKUFA NA DHARAU NILIYOFANYIWA DUKANI KWENU MWANZA

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitawachosha kwa kuyanukuu. Nakala ya karatasi mliyoiita risiti nimeiambatisha, na jina langu limo kwenye daftari la tawi la Mwanza, kama ukurasa haujachanwa.

Nafuga chatu, na kibali ninacho. Ni chatu wa ngoma. Babu yangu alikuwa muyeye, yaani mcheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma, na sisi wajukuu tumeshika pale alipoachia. Shinyanga ya kiangazi mnaifahamu: upepo mkavu, vumbi, midomo inapasuka. Mnyama huyu anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60 hivi, na akikaribia kujivua gamba, macho yakishaanza kufifia na kuwa ya buluu, unatakiwa upande kufika 70. Yote hayo nilimweleza kijana wenu kabla sijatoa hata shilingi kununua seti yenu ya kizimba, kipimaunyevu na mashine ya ukungu ya kuongeza unyevu. Akanijibu, "Mzee, hii seti inajiendesha yenyewe, wewe kalale tu."

Kipimaunyevu chenu cha mshale kilisoma 65 tangu siku nilipokifunga. Asubuhi 65. Mchana taa ya joto ikiwaka, 65. Nikakitoa nje uwanjani kwenye vumbi la Agosti, bado 65. Nikajaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, nikailowesha kidogo mpaka ikawa tope, nikaifungia pamoja na hicho kipima ndani ya kopo lisilopitisha hewa hadi asubuhi. Kipima kizima humo kinatakiwa kisome karibu na 75. Chenu kilisoma nini mnaweza kukisia wenyewe.

Kizimba nacho niliagiza kiwe na kifuniko cha ubao chenye matundu machache. Mkaleta wavu mtupu juu kote. Taa inapasha hewa, hewa inapanda na unyevu wake, inatokea kwenye wavu, imekwenda. Hata mashine yenu ingekuwa nzima, ingekuwa inaloanisha dari ya nyumba yangu. Babu alimweka chatu wake kwenye mtungi mkubwa uliofukiwa nusu ardhini, jioni akinyunyizia maji mchanga wa chini. Hakuwa na umeme wala dhamana, na gamba lilitoka zima.

Nyoka mwenye afya hulivua gamba lote kwa mkupuo mmoja, kuanzia puani mpaka mkiani, na vile vigamba viwili angavu vinavyofunika macho unaviona humo humo. La wetu lilitoka vipande vipande, mithili ya rangi ya ukuta inayobanduka. Kigamba cha jicho la kushoto kiligoma kutoka. Kwenye ncha ya mkia ilibaki pete ya gamba kavu, ikaibana, na nyama ya mbele yake ikaanza kugeuka nyeusi.

Ndipo nikapanda basi kuja Mwanza na mashine, kipima, na gamba lenyewe kwenye mfuko, ili muone kwa macho. Kijana wa kaunta alilinyanyua gamba kwa ncha ya kalamu, akapaza sauti kwa wenzake, "Njooni muone, mganga kaleta vifaa!" Akauliza ni chama gani tena hiki kimejivua gamba. Wakacheka. Kisha akalitupa kwenye pipa la takataka mbele yangu, na mlinzi akaitwa anitoe nje na "uchawi" wangu.

Kuhusu mashine, jibu lililokuja baadaye kwa simu ni kwamba dhamana imefutika kwa sababu sikutumia maji ya betri. Samahani, aliyeniambia "maji yoyote ya bomba yanafaa" ni nani? Ni huyo huyo kijana. Maji ya kisima chetu yana chokaa, nilimwambia, akasema haina shida. Sasa chokaa imeganda kwenye kile kisahani kinachotikisa maji, na kosa ni langu!

Daktari wa mifugo alimloweka chatu kwenye maji ya uvuguvugu, akamviringishia taulo bichi, pete ya mkiani ikalainika na kutoka. Jicho alikataza lisivutwe kwa kibano, maana linaweza kuharibika. Gharama zake zimeambatishwa.

Lakini narudi pale kaunta, kwa sababu huenda mmesoma mkapita. Nililibeba gamba lile kwa uangalifu tangu Shinyanga, limekunjwa ndani ya gazeti, kwa kuwa ndilo lilikuwa ushahidi wangu. Alilishika kwa kalamu kana kwamba linanuka. Akapiga picha kwa simu yake, mimi nikiwa ndani ya picha, sikuulizwa. Alipolitupa pipani nilimwomba anirudishie. Akasukuma pipa kwa mguu, likaingia chini ya meza. Na meneja wa tawi, Ndugu Meneja Mkuu, alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa kioo na kikombe cha chai mkononi. Aliona yote. Tulipokutana macho, alicheka naye. Wateja wengine walikuwepo, mama mmoja akamvuta mtoto wake mbali nami. Mtu wa umri wangu.

Nilikuwa nimekusudia kuomba kubadilishiwa vifaa tu. Sasa nataka fedha zangu zote, kizimba kikiwemo, na gharama za daktari. Nataka barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako, si ya tawi. Na ile picha ifutwe. Nikiiona imezagaa mtandaoni tutaonana kwa mwanasheria.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, faili linakwenda Tume ya Ushindani, na kipima chenu nitakipeleka mwenyewe Wakala wa Vipimo wakipime mbele ya watu. Aidha, karatasi mliyonipa si risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nimekaa kimya kuhusu hilo mpaka leo. TRA, mamlaka ya mapato, wana ofisi Shinyanga, ni mwendo wa miguu kutoka kwangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa chatu, Shinyanga

Nakala:
Meneja wa Tawi, Mwanza (aisome kwa sauti pale kaunta)