Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hataza: kiunzi cha vali ya moyo kisomwe na anayekielewa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA HATAZA YA KIUNZI CHA KUSHIKILIA VALI YA MOYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita nimepokea taarifa ya pili ya uchunguzi kutoka ofisini kwako. Niliifungua kwa matumaini, maana majibu yangu kwa taarifa ya kwanza yalikuwa marefu, yana michoro, na yaligusa kila hoja iliyotolewa. Taarifa hii ya pili ni ile ile ya kwanza. Aya ni zile zile, na hata kosa la uchapaji lililokuwa kwenye ukurasa wa kwanza lipo pale pale. Kilichobadilika ni tarehe, na imeongezwa sentensi moja mwishoni: nisipojibu ndani ya muda uliowekwa, ombi langu litahesabiwa kuwa limeachwa. Nijibu nini, Ndugu Mkurugenzi, ikiwa nilichokwisha kujibu hakikusomwa?

Jina la ofisi yako silitaji. Sitaki barua hii igeuzwe kuwa ugomvi wa mtu na taasisi, wakati ninachotaka ni ombi langu lisomwe. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeziandika hadi zimeniishia.

Kwa wasomaji wengine ambao huenda hawayajui mambo haya, nieleze kidogo. Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Vali za moyo zina vipande vyembamba vinavyofunguka kupisha damu, kisha vinafunga ili isirudi nyuma. Mtoto akiugua koo kwa bakteria wa streptokoka asipate dawa mapema, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hugeuka ikazishambulia vali zao wenyewe. Vali inanenepa, inakakamaa, inashikana au inavuja. Ulaya wagonjwa wengi wa vali ni wazee ambao vali zao zimejaa chokaa. Huku kwetu ni wanafunzi wa shule, ni kina mama wa umri wa kuzaa.

Tarehe 16 Aprili 2002, huko Rouen, Ufaransa, Profesa Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali ya aota, mshipa mkubwa utoao damu moyoni, bila kumpasua kifua. Vali ilikunjwa, ikapitishwa kwenye mishipa kwa mrija mwembamba, ikafunguliwa moyoni. Kinachoishikilia vali ya aina hiyo mahali pake ni kiunzi cha chuma. Viunzi vingi vilivyofuata vilibuniwa kwa ajili ya vali ya mzee yenye chokaa: kiunzi kinatanuka, kinajikaza kwenye ile chokaa ngumu, kinatulia. Vali ya kijana inayovuja mara nyingi haina chokaa ya kutosha, kiunzi kinakosa pa kushika, na kinaweza kuteleza.

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Kiunzi changu kina mikono mitatu, na kila mkono umeungwa na mwili wa kiunzi kwa shingo iliyopinda. Shingo hiyo inaifanya mikono ishuke kwanza na kukaa nyuma ya vipande vya vali ya asili, ndipo mwili wa kiunzi utanuke na kuvibana kati yake na mikono. Mikono ya kushika vali sikuibuni mimi. Wapo waliotangulia, na nimewataja wote ninaowajua kwenye maelezo yangu ya uvumbuzi. Dai langu ni ile shingo, na huko kushuka kabla ya kutanuka.

Nimekitengeneza kwa waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Waya unafungwa kwenye kalibu ya chuma, unaingizwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi karibu 500, kisha unazamishwa majini, na umbo lile chuma hakilisahau tena. Ukikitia kiunzi kwenye maji ya barafu kinalegea, unakikunja utakavyo. Kikipata joto la mwili kinarudi kwenye umbo lake. Moyo hupiga karibu mara milioni 40 kwa mwaka, na kila pigo linaikunja kidogo ile shingo. Ni sehemu kama hizo ambazo huchoka zikavunjika. Usingizi wangu wa miaka mingi umepotelea kwenye mpindo mmoja wa waya, nao ndio mpindo ambao mchunguzi wako hakuutaja hata kwa neno moja katika taarifa zote mbili.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba nimeomba hataza ya njia ya kutibu mwili wa binadamu kwa upasuaji, na njia hizo haziwezi kupewa hataza. Kanuni hiyo naijua na naiunga mkono kwa moyo wote. Daktari asishone jeraha huku akiogopa kushtakiwa. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa kimataifa kuhusu miliki ubunifu katika biashara, katika ibara ya 27.3(a), unaziruhusu nchi kuziweka kando njia za uchunguzi wa maradhi, tiba na upasuaji. Lakini mimi sikuomba njia. Nimeomba kitu, kipo mezani kwangu ninapoandika, unaweza kukishika. Sheria ya Kenya ya 2001 kuhusu mali ya viwandani inazikatalia hataza njia hizo, kisha papo hapo inazitoa katika katazo hilo bidhaa zinazotumika katika njia hizo. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, ibara ya 53(c), nao unafanya vivyo hivyo. Kama kila kinachowekwa mwilini na daktari ni njia ya upasuaji, basi hakuna betri ya moyo wala nyonga ya bandia ambayo ingewahi kupata hataza popote duniani. Niliyaandika haya yote kwenye majibu yangu, kwa heshima, pamoja na vifungu vyake.

Hoja ya pili ndiyo iliyonivunja nguvu. Mchunguzi anasema uvumbuzi wangu si mpya kwa sababu stenti zinajulikana, na ushahidi wake ni hataza ya Marekani namba 4,733,665 ya Julio Palmaz, iliyotolewa 1988. Ndugu Mkurugenzi, hataza hiyo nimeisoma hadi nimeikariri. Stenti ya Palmaz ni bomba la chuma lenye mianya, linatanuliwa kwa puto ndani ya mshipa ili mshipa usizibe. Halina vali ndani yake. Halina mikono. Halina shingo. Halitanuki lenyewe.

Tena mambo yaliyofuata yanaipinga hoja hiyo. Februari 1989 daktari kijana wa Denmaki, Henning Rud Andersen, alimsikiliza Palmaz akieleza stenti zake huko Arizona. Akawaza: kama stenti inaweza kukaa ndani ya mshipa, kwa nini isibebe vali? Akarudi kwao, akapinda waya wa chuma kwa mikono yake, akashonea vali ya nguruwe ndani, na tarehe 1 Mei 1989 akaiweka ndani ya nguruwe aliye hai. Majarida makubwa yaliikataa makala yake. Lakini ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa hataza namba 5,411,552 mwaka 1995, miaka saba baada ya ile ya Palmaz. Kwa kipimo cha mchunguzi wako, Andersen angekataliwa kwa sababu stenti zilikuwapo. Ni sawa na kumwambia mtu jahazi lake si jipya kwa kuwa mitumbwi ilikuwapo.

Na usidhani ni jambo dogo. Mashauri ya hataza za vali hizi yamezunguka mahakama za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Uingereza, mwaka 2009, shauri liliamuliwa kwa kutazama kama kiunzi cha upande wa pili kina umbo la silinda au hakina. Mwaka 2014 kampuni moja kubwa ya Marekani ilikubali kuilipa nyingine dola milioni 750 kumaliza kesi hizo. Wenzetu wanasimama mbele ya majaji kubishania mzingo wa kiunzi. Hapa kwetu mzingo wenyewe haujatazamwa.

Wakati faili langu limelala, muda haulali. Miaka 20 ya hataza inahesabiwa tangu siku ya kuwasilisha ombi, hivyo kila mwaka unaopotea kwenye kabati zako umetoka kwenye umri wa hataza yangu. Ada za kila mwaka nalipa, hata ombi likiwa halijaguswa. Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani unampa mwombaji miezi 12 kupeleka ombi lake nchi nyingine akiwa bado anahesabiwa tarehe ya ombi lake la kwanza. Miezi hiyo ilipita nikiisubiri taarifa yako, kwa sababu mfadhili aliyekuwa tayari kunilipia maombi ya nje alitaka kuona kwanza mchunguzi wa nyumbani anasema nini. Hakuona kitu, akaondoka. Mwenzangu tuliyeanza naye karakana naye amekwenda kuajiriwa kwingine, na simlaumu, ana watoto. Mkopo umebaki kwa jina langu peke yangu. Mke wangu ameacha kuniuliza habari za hataza, na ukimya wake unaniuma kuliko maswali.

Nina binti wa dada yangu aliyewekewa vali ya chuma baada ya kupasuliwa kifua. Namshukuru Mungu na madaktari, yu hai. Lakini atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Dawa ikizidi anaweza kuvuja damu, ikipungua damu inaweza kuganda kwenye vali. Kipimo cha damu anakifuata mbali, siku nyingine anakuta vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimekwisha. Ameolewa sasa, na daktari amemweleza kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anaponiuliza, "Mjomba, kile kifaa chako kimefika wapi?" namjibu kipo ofisini kwa watu wa hataza. Sijui nitamjibu hivyo hadi lini. Sisemi kiunzi changu kitamponya yeye. Kati ya hataza na mgonjwa kuna majaribio ya miaka. Nasema hakiwezi hata kuanza safari hiyo, kwa sababu hakuna atakayetia fedha kwenye kitu ambacho taarifa yake rasmi inasema ni njia ya upasuaji.

Na tusiambiwe kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Taasisi ya Sree Chitra Tirunal ya Thiruvananthapuram, India, ilihangaika na mifano kadhaa iliyoshindwa kabla ya kupata vali yake, na Desemba 1990 ikamwekea mgonjwa wa kwanza. Vali hiyo imewafaa maelfu ya watu ambao wasingemudu ya kutoka nje.

Nimejiuliza sana kwa nini imekuwa hivi. Nahisi ofisini kwako hakuna mchunguzi aliyesomea uhandisi wa vifaa tiba, kwa hiyo faili langu limepewa mtu wa kemia au wa sheria, akaona neno "moyo" akaandika "upasuaji", akaona neno "stenti" akamtafuta Palmaz. Huenda mafaili ni mengi kuliko watu. Huenda pia ni rahisi zaidi kupitisha ombi la kampuni ya nje lililokwisha kuchunguzwa na ofisi ya Ulaya au Marekani, kwani kazi imekwisha fanywa na mwingine, kuliko kukaa na ombi la fundi wa hapa ambalo halijachunguzwa popote. Kama nimekosea kuhisi hivyo, nisahihishe kwa maandishi na nitayachapisha maelezo yako hapa hapa.

Lakini ahadi sikuihisi, niliisikia kwa masikio yangu. Siku ya Miliki Ubunifu Duniani, 26 Aprili, ulisimama jukwaani mbele yetu wabunifu ukasema mambo mawili: maombi ya wazawa yatapewa kipaumbele, na mwombaji yeyote asiyeridhika na taarifa atakutanishwa ana kwa ana na mchunguzi wake. Tulikupigia makofi, mimi nikiwa mmojawapo. Nimeomba kikao hicho kwa barua na kwa simu. Nimefika mapokezi na kuambiwa mchunguzi yuko semina.

Nisieleweke vibaya. Siombi kupendelewa wala kupitishwa bila kuchunguzwa. Afrika Kusini kwa miongo mingi ilitoa hataza kwa kukagua fomu na ada tu, na watetezi wa wagonjwa walipiga kelele kwa haki kabisa, kwa sababu hataza dhaifu hupandisha bei ya matibabu. Uchunguzi mkali unamlinda mgonjwa, nami nautaka. Mchunguzi akiniletea hataza yenye shingo kama yangu, akanionyesha mchoro na mstari, nitalifuta dai langu siku hiyo hiyo na kumshukuru.

Nilikusudia kukuomba mengi: urudishe muda uliopotea, usimamishe ada wakati kosa si la mwombaji, uajiri wahandisi. Yote hayo yanahitajika, na wenzangu watayasema. Mimi nabaki na moja. Kabla muda wa kujibu taarifa ya pili haujaisha, mpe faili langu mtu anayeelewa chuma na moyo, hata kama ni wa kuazima chuo kikuu au hospitali. Asome dai la kwanza hadi la mwisho. Atazame mchoro wa shingo. Kisha aniandikie ukurasa mmoja unaohusu kiunzi changu, wala si stenti ya 1988.

Kiunzi chenyewe niko tayari kukileta. Nitajie siku na chumba, nitafika na ndoo ya maji ya barafu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vifaa tiba, mwombaji wa hataza