Taa za usiku zinatupofusha barabara ya Masasi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Kilichonikalisha chini leo ni ile habari yenu ya majuzi kuhusu ajali za usiku barabara ya Masasi. Mliandika kwamba chanzo ni mwendo kasi, uzembe wa madereva, na waenda kwa miguu kuvaa nguo nyeusi. Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea mume wangu kwa sauti, natafuta neno taa. Halimo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Zaidi ya miaka 20 ya kazi yangu niliitumia kwenye kliniki ya macho, nikiwahudumia waliotolewa mtoto wa jicho na wenye vikope. Kila ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho, Juni hadi Agosti, nilikuwa nawapokea wakulima ambao dawa ya salfa imewawasha macho yakawa mekundu kama pilipili. Jicho nalijua. Na gari naendesha mwenyewe tangu 1998. Kwa hiyo naomba nisijibiwe kwamba mama kazeeka, akae nyumbani.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka Ndanda kumwangalia dada yangu aliyelazwa. Maongezi ya wodini hayaishi, nikajikuta naondoka jua limeshazama. Nilipita Nanganga salama, Nyangao salama. Kabla ya kufika Mtama likatokea lori mbele yangu, na nyuma yake basi. Dereva wa lori alishusha taa, Mungu ambariki. Basi likafuata. Sijui kama dereva wake alishusha au hakushusha, kwa sababu taa zile ukiziwasha za juu au za chini ni mamoja: mwanga mweupe unaoelekea rangi ya samawati, unaingia kwenye kioo na kukijaza chote. Nikamwashia na kumzimia mara mbili kumwomba apunguze. Akanijibu kwa kuwasha safu nyingine ya taa aliyoifunga juu ya bampa.

Basi likapita. Mimi nikabaki na giza, na katikati ya giza hilo duara la kijani linaelea kila ninapoangalia. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Kisha nikaona kitu cheupe upande wangu wa kushoto, karibu mno. Nikakata usukani. Kioo cha pembeni kikagonga kitu, nikasikia mlio kama wa mvua kwenye bati. Zilikuwa korosho. Mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli iliyobeba kiroba cha korosho, kioo changu kikakichana kiroba, na yeye akaangukia kwenye majani.

Nikasimama, nikamkimbilia. "Shikamoo baba, umeumia?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu, sijaumia. Mimi nilikuona tangu mbali, nikadhani na wewe umeniona." Tulikaa pale karibu nusu saa tukiokota korosho zake kwa tochi ya simu, na kila gari lililopita lilitulazimisha kufunga macho. Maneno ya mzee yule sijaacha kuyasikia. Alikuwa na haki ya kudhani nimemwona. Nilikuwa na taa mbili nzima, macho yangu yote mawili nilikuwa nimeyafumbua, na sikumwona.

Sasa tufanye hesabu ambayo habari yenu haikuifanya. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Jicho likishapigwa na mwanga mkali halirudii kuona palepale. Ukilipatia sekunde tatu tu, umeshakwenda mita 50 bila kuona. Katika mita 50 za barabara ya kwetu jioni ya msimu wa korosho mna baiskeli, mna watoto waliotumwa dukani, mna mbuzi, mna bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Hapo dereva hajakimbia. Hajalewa. Na kadiri umri unavyosogea sekunde hizo zinaongezeka. Mwenye mtoto wa jicho anayeanza ana shida zaidi, kwa sababu lenzi iliyoingia ukungu inautawanya mwanga ndani ya jicho, kama kioo cha mbele chenye vumbi kinavyofanya ukielekea jua la magharibi. Lakini asidanganyike kijana wa miaka 25 kwamba yamhusu mama tu. Muulizeni dereva yeyote wa bodaboda anayebeba abiria usiku kutoka Mikindani.

Wiki hiyohiyo globu yangu moja iliungua, nikampelekea fundi umeme mjini Mtwara. Kijana mpole, ananiita mama kila neno la tatu. Akanitolea boksi. "Mama, hizi za zamani achana nazo, siku hizi ni LED, utaona mpaka sisimizi." Nikamuuliza, na huyo anayekuja mbele yangu ataona nini? Akacheka. Nikamuuliza tena: mwanangu, ukishafunga unapima zinapiga wapi? Akasema, "Zikiwaka zimewaka, mama." Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyokuwa barabarani, kwa sababu yule wa basi huenda ni jeuri peke yake, lakini huyu anafunga taa za namna hiyo siku nzima, na hajui. Globu ya kawaida ya gari langu, ile ya H4, ina nyuzi mbili ndani. Chini ya uzi wa taa ya chini pameinamishwa kibamba cha chuma, kidogo kama ukucha, kazi yake kuzuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya sahani ya taa, ile inayourudisha mwanga mbele, ili unaotoka nje ushuke kwenye lami na usipande machoni mwa watu. Kila kitu mle kimepimwa kwa milimita. Ukichomeka ndani ya sahani hiyohiyo LED ya boksini, ambayo mwanga wake hautoki pale uzi ulipokuwa, sahani inautupa popote: juu ya miti, kwenye madirisha ya nyumba, usoni mwangu. Sisemi LED ni mbaya. Gari lililotoka nazo kiwandani limetengenezewa taa yake nzima, na mengi yanashusha vizuri tu. Ninachosema ni kwamba tunavunja kwa mikono yetu kitu kilichokuja kikiwa kizima. Haya magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako nao wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa zake zinafika hapa zikiwa zimeshaelekezwa kumulika pembeni kushoto, pale anapopita mtembea kwa miguu. Pale alipokuwa mzee wangu na baiskeli yake.

Na kuna jambo jingine ambalo wenye magari hawalijui wakati limekaa mbele ya goti lao. Karibu na usukani, kwenye magari mengi, kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Watu wanadhani ni cha taa za dashibodi. Kile ni cha kushusha taa za mbele ukiwa na mzigo. Ukipakia viroba nyuma, matako ya gari yanakaa na pua inanyanyuka, na taa za chini zinageuka kuwa za juu. Msimu huu, Oktoba hadi Desemba, nusu ya magari madogo yaliyoko barabarani yamekaa hivyo, kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, ndizo usiseme. Kigurudumu kipo, hakijaguswa tangu gari lishuke melini.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973. Wakati huo gari lilikuwa na taa mbili za njano na usiku barabara ilikuwa tupu. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, nami nilifurahi, kwa sababu mgonjwa anayepelekwa Dar es Salaam hasubiri alfajiri. Lakini ruhusa ilipokuja, nani alikwenda kuziangalia taa? Mchana trafiki anasimamisha gari, anaomba leseni, anatazama matairi, anasema washa taa. Zikiwaka, nenda. Saa sita mchana, kwenye jua la Mtwara, utajuaje taa inapiga wapi?

Nikiwa bado na hasira, hawa vijana wa stendi wanaouza miwani ya njano nao niwaseme. Wanaiita miwani ya usiku. Jirani yangu, dereva wa miaka mingi, kanunua, anasema inapunguza ukali wa taa. Ni kweli inapunguza, na inapunguza pia mwanga unaotoka kwa mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa barabara, ambao tangu mwanzo ulikuwa haba. Kioo chenye rangi hakichagui cha kukuzuilia. Usiku jicho linahitaji mwanga wote linaoweza kuupata, na wewe unalivalisha pazia. Kibaya zaidi, nimewaona kwa macho yangu watu wenye mtoto wa jicho wakizunguka na miwani hiyo mwaka mzima, wakati walichohitaji ni kupimwa, na ikibidi ile lenzi yenye ukungu itolewe na kuwekwa ya bandia, operesheni ambayo mara nyingi haifiki hata nusu saa. Mwalimu mmoja mstaafu aliletwa kwetu mtoto wa jicho ameshakomaa kabisa, mfukoni ana jozi tatu za miwani ya stendi. Nikimkumbuka nasikia uchungu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Nahitaji ukuta. Upakwe rangi nyeupe, pembeni uchorwe vipimo kuanzia sentimita 50 hadi 120 kutoka chini, na mbele yake, kwenye sakafu iliyo sawa, uchorwe mstari wa mita 10. Gari lisimame kwenye mstari usiku, na mzigo wake, liwashe taa za chini. Mwanga ukutani, ukiacha ile sehemu ya kushoto inayopanda kumulika pembeni, uishie sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Ukipanda juu ya hapo, dereva azungushe kigurudumu, au fundi akaze skrubu, au LED ya boksini ing'olewe. Dakika tano. Kuta ziko vituo vya mafuta, ziko kwenye maghala ya korosho ambako malori yanapanga foleni na madereva wamelala chini ya trela hawana la kufanya. Na stika ile ya Nenda kwa Usalama isibandikwe kwenye kioo cha gari lolote ambalo halijasimama mbele ya ukuta.

Mwenye ukuta Mnazi Mmoja, pale magari ya Lindi, Masasi na Mtwara yanapokutana, aseme tu. Rangi nyeupe ndoo moja na nyeusi kopo moja nimeshanunua, ziko stoo kwangu pamoja na futi ya kupimia. Nanyi mhariri, ajali nyingine ikitokea usiku, mtumeni mwandishi amuulize dereva aliyepona: kabla ya kugonga, mbele yako palikuwa na nini?

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara