Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha wenye saratani,

Ya fedha namwachia mweka hazina, maana risiti ziko kwake. Tulikutana kila mwezi isipokuwa Aprili, mvua ilipotushinda. Nauli za wanaokwenda hospitalini kwa matibabu ya mionzi tulizilipa, na michango inasuasua kama kawaida. Wawili wetu hatunao tena. Tutasimama kuwakumbuka kabla ya chai.

Lililoninyima usingizi mwaka huu ni habari ya "dawa ya kuzima jeni", yaani kuzima maagizo ya kurithi yaliyo ndani ya seli. Mtu alituma sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba saratani ya mdomo sasa inazimwa kama taa. Kufikia Julai mwenzetu mmoja alikuwa ameacha mionzi katikati, akiisubiri dawa hiyo. Nilipanda matatu hadi Ahero kumwona. Hoja zake zilinishinda, nikarudi nyumbani kusoma.

Kumbe uvumi ule haukuwa uongo mtupu. Mwaka 1998 Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia minyoo midogo sana, kwamba RNA (kemikali ya seli inayobeba maagizo ya jeni kwa mpangilio wa "herufi" zake) ikiwa ya nyuzi mbili inaweza kunyamazisha jeni. Mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel. Jeni ikitaka protini itengenezwe, hutoa nakala ya maagizo yake, nayo nakala hiyo ni RNA. Wataalamu hutengeneza kipande kifupi cha RNA, cha herufi kama 21, kinachooana na nakala hiyo, na seli yenyewe huikata nakala. Jeni inabaki mahali pake ila amri haifiki, kama barua ya chifu iliyochanwa njiani na mjumbe.

Sasa, katika saratani nyingi za mdomo, jeni iitwayo EGFR huzihimiza seli zigawanyike kupita kiasi. Ikinyamazishwa kwenye sahani ya maabara, seli hupunguza kasi ya kuzaana, na nyingine hufa.

Lakini sahani haina damu. RNA ikidungwa mwilini bila kinga huharibika upesi, na ikifungwa ndani ya matone ya mafuta, nyingi huishia kwenye ini. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya aina hii, patisirani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, inatibu ugonjwa wa kurithi ambao protini yake mbovu hutengenezwa hasa kwenye ini. Ya saratani ya mdomo bado haijaidhinishwa. Tena "kupunguza kasi" si "kuponya", tofauti ambayo aliyerekodi ile sauti aliimeza.

Nilirudi Ahero na daftari langu. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mwenyekiti, hiyo barua ya chifu, kwangu hakuna wa kuichana?" Nikamwambia kwa sasa hakuna, ila mionzi ipo. Agosti alirejea hospitalini, na ratiba yake ikabidi ipangwe upya.

Kamati inaleta pendekezo moja: ujumbe wowote kuhusu dawa upite kwanza kwa katibu, naye amuulize daktari, ndipo utumwe kwenye kundi. Najua wengine mtasema tunawafunga midomo. Tutapiga kura baada ya chai.

Mwenyekiti